Kazi ya mteja wa siri: ripoti hukataliwa kwa nini, na inalipa kweli?

KapuTupu

Wakuu, habari zenu. Nimejisajili kwenye kampuni inayotuma watu kununua na kuhudumiwa kama wateja wa kawaida, halafu wanajaza dodoso kuhusu walichokiona. Kazi ya kwanza nimeshapangiwa: duka la simu. Niulizie simu, ninunue kitu kidogo, nitoke. Mwongozo wake ni mrefu kuliko mkataba wa kupanga nyumba.

Naomba kujuzwa na wenye uzoefu. Maswali yako mengi mno, mtu anayakumbukaje bila kutoa daftari mbele ya wahudumu? Ripoti hukataliwa kwa sababu zipi hasa, maana nimeelezwa ikikataliwa hata fedha niliyonunulia hairudi? Na je, hii kazi inalipa au ni ya kupotezea muda?

Halafu kuna mtu kanitumia ujumbe, anasema kampuni yake itanitumia hundi kabla sijaanza kazi. Hilo nalo ni la kawaida?

MzeeWaRisiti

Hundi hiyo usiiguse. Wengine watakufafanulia, mimi nabaki kwenye kazi yenyewe.

Watu wengi husoma mwongozo kwanza na dodoso baadaye, tena wakiwa wameshatoka dukani. Geuza. Fungua dodoso kabla ya kitu chochote, kwa sababu ndilo linalokwambia macho yako yawe wapi. Utaona maswali yamegawanyika: ya kupimwa (dakika, idadi ya kaunta zilizo wazi, watu waliokuwa mbele yako), ya ndiyo au hapana (alisalimia? aliuliza unatafuta simu ya matumizi gani?), na ya kueleza kwa maneno. Hayo ya kupimwa ndiyo yanayotoka kichwani haraka kuliko yote, kwa hiyo ndiyo ya kuhifadhi papo hapo. Ya kueleza yanaweza kusubiri nusu saa.

Huhitaji kukariri maswali yote moja moja. Karibu kila dodoso hufuata safari ya mteja: nje, mlangoni, kupokewa, kuhudumiwa, kulipa, kuondoka. Shika vituo hivyo sita, kila kimoja na mambo yake matatu au manne. Ukifika kituo fulani, mambo yake yanakuja yenyewe.

Kabla ya kutoka nyumbani hakikisha umeyajibu haya kutoka kwenye mwongozo: anwani kamili ya tawi (maduka ya mnyororo mmoja huweza kuwa na matawi mawili mtaa mmoja, na ripoti ya tawi jirani haina thamani hata iwe nzuri vipi), siku na saa unazoruhusiwa kuingia, kiwango cha chini cha kununua na kikomo cha kurejeshewa, bidhaa zilizokatazwa, kama unaruhusiwa kwenda na mwenzako au mtoto, na picha zipi zinatakiwa. Saa ndiyo inayowaangusha wengi. Mwongozo ukisema saa tano hadi saa nane mchana, risiti ya saa nane na dakika nne inatosha kukunyima malipo.

Kupima muda: kwa kawaida wanataka vipande vitatu. Kutoka unapovuka mlango hadi mtu wa kwanza akusemeshe. Kutoka unapojipanga foleni hadi unapofika kwa keshia. Kutoka kwa keshia hadi risiti iwe mkononi. Washa saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu kabla ya mlango, iache iende, kila tukio likipita bonyeza alama ya kipande ukiwa kama unayeangalia ujumbe. Risiti nayo ina saa yake, na hiyo ni nanga nzuri: ukijua ulilipa saa ngapi unaweza kuhesabu kurudi nyuma. Saa ya mashine ya duka ikiwa inatofautiana na ya simu yako, iandike tofauti hiyo kwenye ripoti, usiirekebishe kimyakimya.

Jambo ambalo mwongozo huwa haulielezi vya kutosha ni kumwachia mhudumu nafasi. Dodoso likiuliza kama alikupendekezea kitu cha ziada, na wewe ukaingia unasema "nataka simu na kava yake", umeliua swali hilo mwenyewe. Akimaliza kukujibu, nyamaza. Hesabu moja hadi tatu kichwani kabla ya kusema neno lingine, maana mengi yanayopimwa hutokea ndani ya ukimya huo. Vivyo hivyo usiulize "hakuna punguzo?" kama kinachopimwa ni iwapo atalitaja bila kuulizwa.

Na usimtege. Usijifanye mteja mkorofi kama mwongozo haukusema. Kampuni inataka kujua mtu wa kawaida anahudumiwaje siku ya kawaida.

Jina la mhudumu lisome mapema, si unapoaga, kwa sababu beji hupinduka na watu huitwa ghafla wakaondoka. Liambatanishe na maelezo: mwanamume au mwanamke, makadirio ya umri, urefu ukilinganisha na wako, nywele, miwani. Kama hana beji, risiti mara nyingi ina jina au namba ya keshia, ila tahadhari: wakati mwingine ni jina la aliyeifungua mashine asubuhi na si la aliyekuhudumia. Andika "risiti inaonyesha jina fulani" na umweleze uliyemwona. Msimamizi wao atajua ni nani.

SikioMoja

Nakubaliana na mengi ya Mzee isipokuwa hiyo ya kubonyeza alama ya kipande. Kioo cha simu kikijizima katikati au kidole kikigusa pa kusimamishia, umepoteza vyote vitatu. Njia isiyo na presha ni kujitumia ujumbe mfupi: "nimefika", "nimeona", "poa". Kila ujumbe unabeba saa yake, na kwa anayekutazama wewe ni mtu anayechati tu.

Kurekodi sauti msikimbilie. Kama mwongozo haukuagiza, usirekodi. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi: kwingine anatosha mmoja wa wanaozungumza kuridhia, kwingine lazima wote waridhie. Kampuni zenye kazi za video hutoa maelekezo yao na huwa na watu waliowaandaa kwa hilo. Ukitaka kutumia sauti, jirekodi wewe mwenyewe ukishatoka, ukisimulia ulichokiona kuanzia mlangoni. Dakika tatu zinatosha. Lakini si mbele ya kioo cha duka. Tembea hadi ukate kona.

MzeeWaRisiti

Ujumbe ni sawa pale dodoso linapotaka dakika. Likitaka sekunde hautakusaidia, maana programu nyingi za ujumbe zinaonyesha saa na dakika tu. Mwenye saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde amewashinda wote wawili.

NuktaMkato

Mimi nazungumzia ripoti ikishatumwa, kwa sababu hapo ndipo fedha inapopatikana au kupotea. Kati yako na mteja wa kampuni (yaani mwenye duka) kuna mhariri. Kazi yake ni kutafuta sehemu ambayo meneja wa tawi ataishika na kusema "huyu hakuja hapa". Mameneja wanabisha sana, hasa pale alama zinapogusa bonasi yao, na wengine wana kamera za ulinzi za kurejea. Kwa hiyo andika kile ambacho kamera ingekionyesha au sikio lingekisikia.

Mfano. "Huduma ilikuwa mbovu, mhudumu alionekana amechoka na hakunijali." Sentensi hiyo haina hata kitu kimoja kinachoweza kuthibitishwa, na "amechoka" ni kukisia. Linganisha: "Nilisimama mbele ya kaunta, hatua mbili kutoka kwa mhudumu, kwa dakika 2 na sekunde 40. Aliendelea kupanga kava kwenye rafu na hakuinua macho. Nilipomwita alisema, 'Subiri kidogo.'" Hapa hukutoa hukumu yoyote, na msomaji amekwishaelewa.

Makosa yanayorudisha ripoti, kwa jinsi yanavyojirudia:

Mgongano. Umechagua "hapana" kwenye salamu, kisha chini umeandika "walinikaribisha vizuri". Mhariri hawezi kukuchagulia lipi ni kweli. Kabla ya kutuma, pitia kila jibu ukilioanisha na maelezo yake.

Muda uliokadiriwa kwa namba kamili. Salamu dakika 1, foleni dakika 5, kulipa dakika 5, jumla dakika 20. Maisha hayaendi hivyo na kila mhariri analijua hilo.

"Haihusiki" inayotumiwa kama maficho. Hiyo ni kwa jambo ambalo halikuweza kutokea kabisa, kwa mfano swali la foleni wakati hapakuwa na foleni. Kama jambo lingeweza kutokea na halikutokea, jibu ni "hapana". Kama lilitokea na hukuliangalia, mwambie mratibu (mtu wa kampuni anayekupangia kazi) ukweli. Swali moja lililokosa jibu linasameheka. Jibu la kubuni likigundulika, akaunti inafungwa.

Ushahidi usiosomeka. Risiti ionekane pembe zake zote nne, jina la tawi, tarehe, saa na jumla. Ilaze juu ya kitu cheusi, kwenye mwanga wa dirishani, bila mwako wa kamera. Karatasi nyingi za risiti huchapwa kwa joto, kwa hiyo maandishi yake hufifia ukiiacha juani au ndani ya gari. Ipige picha mara tu unapotoka, na ile yenyewe itunze hadi ulipwe.

Maneno ya kunakili. Ukitembelea matawi matatu na aya zako zikafanana, mfumo unaonyesha.

Kuchelewa. Mara nyingi ripoti hutakiwa ndani ya saa 12 hadi 24 tangu ziara. Panga ziara siku ambayo jioni yake huna shughuli nyingine.

Kila "hapana" ielezee, hata kama dodoso halijalazimisha. Na alama ya juu nayo inahitaji sababu, ingawa watu husahau: "9 kati ya 10" isiyo na tukio nyuma yake inatiliwa shaka sawasawa na "2 kati ya 10".

Mhariri akikuuliza swali, mjibu siku hiyohiyo, na usibadilishe jibu ili umfurahishe. Anaposema "je, una uhakika hakusalimia?" si kwamba anakupa jibu. Anataka kujua kama unasimamia ulichoandika.

KufuliMbili

Kuhusu hundi. Huu ni utapeli wa zamani, na Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imeuonya umma mara nyingi. Unakwenda hivi: wanakutumia hundi ya kiasi kikubwa, unaambiwa uiweke kwenye akaunti yako, ubakishe sehemu kama malipo yako, na kinachobaki ukitume kwa mtu fulani ili "kukagua huduma ya kutuma fedha", au ununue kadi za zawadi na uwatumie namba zake. Benki huweza kukuonyesha fedha hiyo kwenye akaunti ndani ya siku chache, kabla hundi haijathibitishwa. Inapogundulika ni bandia, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa, benki inakudai wewe kiasi chote. Ulichokwisha kutuma hakirudi.

Kampuni halisi hailipi kabla ya kazi, na haitozi ada ya kujisajili wala kuuza "orodha ya kazi". Matapeli hupenda kujivika jina la kampuni inayojulikana, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi kitu. Usibonyeze kiungo alichokutumia. Tafuta tovuti ya kampuni mwenyewe na uwaulize kupitia mawasiliano yaliyopo huko. Kuna pia chama cha kampuni za kazi hii, MSPA, chenye matawi ya mabara ya Amerika, ya Ulaya na Afrika, na ya Asia na Pasifiki. Angalia kama kampuni hiyo ni mwanachama. Kutokuwa mwanachama si ushahidi wa utapeli, ila ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Maelezo ya benki watakuomba ili wakulipe, hilo ni sawa likiwa ndani ya akaunti yako kwenye mfumo wao. Nywila na namba ya siri, kamwe.

DadaHesabu

Swali la kama inalipa linajibiwa kwa hesabu, na wengi huikosea kwa kugawanya malipo kwa dakika walizokaa dukani tu. Chukua kazi kama hiyo yako: kusoma mwongozo dakika 20, safari kwenda na kurudi dakika 50, dukani dakika 25, kuandika na kupakia picha dakika 60. Hizo ni dakika 155, zaidi ya saa mbili na nusu. Toa nauli na bando kwenye malipo, kisha gawanya kwa saa 2.6. Hiyo ndiyo bei ya saa yako.

Marejesho ya ulichonunua si kipato, ni fedha yako inarudi. Yahesabu kama faida pale tu kitu hicho ungekinunua vyovyote vile. Kazi nyingi za migahawa na hoteli hulipa kwa marejesho zaidi kuliko kwa fedha taslimu, kwa hiyo ni nzuri kwa anayetaka kula vizuri, si kwa anayetaka kulipa kodi ya nyumba.

Tena fedha hukaa nje. Malipo huja baada ya mwezi, wakati mwingine miwili, na hadi hapo manunuzi ni mtaji wako. Weka kikomo cha kiasi unachokubali kidaiwe kwa wakati mmoja.

Kinachofanya kazi hii ilipe ni njia moja yenye kazi kadhaa. Kama unakwenda upande fulani wa mji, tafuta tatu au nne za upande huohuo, safari igawanyike. Lakini andika ripoti ya kwanza, hata rasimu, kabla ya kuingia duka la nne, la sivyo wahudumu watachanganyika kichwani. Kazi za kupiga simu nazo zisidharauliwe: malipo ni madogo ila hakuna nauli, na zinakufundisha kuandika.

Karibu na mwisho wa mwezi, kazi zilizokosa watu mratibu huziongezea malipo. Unaweza kusubiri, ila unaweza pia kuikosa. Usikubali kazi halafu uiache dakika za mwisho. Kampuni zinakupa daraja, na wenye daraja la chini huziona kazi baada ya wengine kuchagua. Na kwa kuwa tawi moja huwezi kulirudia hadi ipite miezi kadhaa, mtu wa kampuni moja hukaa bila kazi. Jisajili kwenye kadhaa, na uwe na jedwali: kampuni, tawi, tarehe, ulichotumia, unachodai, tarehe ya kulipwa. Wewe si mwajiriwa wao, hesabu za kodi ni juu yako, na jedwali hilohilo ndilo utakalolitumia.

KapuTupu

Asanteni sana wakuu. Mtu wa hundi nimeshamzuia. Maswali mawili tu: je, mhudumu akinishtukia na kuniuliza waziwazi? Na nikikuta duka limefungwa au bidhaa niliyoagizwa haipo?

MzeeWaRisiti

Akikuuliza, usikiri na usijitetee sana. Mteja wa kweli akiulizwa hivyo hushangaa, anacheka, anarudi kwenye simu anayoitaka. Maliza ziara kama kawaida, kisha mwarifu mratibu kabla ya kuandika ripoti. Yeye ndiye wa kuamua kama itatumika. Ukilificha, meneja wa tawi ataliandika yeye.

Yanayowafichua watu: kumuuliza mhudumu jina lake bila sababu, kukagua dari na sakafu kama fundi, kupiga picha ndani ya duka, na kuuliza maswali kwa maneno yaleyale ya mwongozo. Lingine ni la kazi yako hasa: unauliza habari za simu kwa robo saa halafu unanunua kebo. Andaa sababu mapema. "Ngoja nikashauriane na mwenzangu, kwa sasa nipe kebo" inatosha.

Duka likiwa limefungwa, piga picha ya mlango na bango la saa za kazi, hakikisha simu inahifadhi saa na eneo kwenye picha, kisha wasiliana na mratibu ukiwa palepale. Usiingie tawi lingine kwa uamuzi wako. Bidhaa isipokuwepo, mwongozo kwa kawaida umetaja mbadala; kama haukutaja, muulize kabla ya kulipa. Na ukimkuta kaunta mtu unayemfahamu, usiendelee. Jitoe na ueleze sababu, hilo halikushushi daraja.

NuktaMkato

Nyongeza moja. Maelezo marefu usiyaandike moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni, kwa sababu mifumo mingi hukutoa nje ukikaa muda bila kubofya na maandishi yanapotea. Andika kwenye programu ya kumbukumbu, kwa mpangilio wa matukio yalivyofuatana, kisha unakili na kubandika. Picha zipakie kwanza. Zikigoma kwa sababu ni nzito, bado unao muda wa kuzipunguza kabla dirisha la kutuma halijafungwa.